Pumzi ya Tangazo

Fundi mitambo mmoja, ambaye kila aliyemjua alimwita Sikio, alikuwa na kinyaa na midomo ya watu. Si umbeya wao wala matusi yao. Midomo yenyewe, ile nyama na mate yake. Kazi yake ilikuwa kurekodi sauti, na anayerekodi sauti husikia kwenye hedifoni mambo ambayo Mungu aliyaficha makusudi: ulimi ukibanduka kwenye kaakaa, mate yakimezwa, tumbo likinguruma chini ya neno "nakupenda". Mwimbaji anaweza kuja na suti, amejipulizia manukato mpaka nzi wanamkwepa. Akisogelea maiki tu, Sikio anajua kama amepiga mswaki.

Maiki ya studio ilivikwa sponji nyeusi, na sponji hiyo ilikuwa imenyonya pumzi za kila aliyepita hapo. Ilinuka kitunguu, sigara na meno mabovu. Kila Jumatatu Sikio aliifua kwa sabuni, ikawa inanuka kitunguu chenye sabuni. Alimwomba mwenye studio anunue nyingine.

"Sikio, bwana," mwenye studio alimjibu, "hiyo sponji ina baraka. Mastaa wote wameiimbia."

"Wameitemea," alisema Sikio, na akaenda kunawa mikono kwa mara nyingine.

Hakuanza hivyo. Ujanani alijifunza kazi kwa mzee wa bendi aliyekuwa akirekodi watu wote katika chumba kimoja, kwa maiki moja iliyoning'inia darini. Mzee huyo hakuwa na vitufe vya kupandisha wala kushusha sauti. Alipandisha na kushusha kwa kuhamisha watu. Mpiga tarumbeta aliyejaa mapafu alisukumwa mpaka koridoni, apige akiwa nje na mlango wazi. Mwimbaji mwenye sauti ndogo alisimamishwa juu ya kreti, karibu kabisa. Mmoja akikosea, wote walirudia kuanzia mwanzo, na mkosaji alitazamwa kwa macho ambayo hakuyasahau. Kwa hiyo watu walifanya mazoezi nyumbani, na waliokuja kurekodi walikuwa wanajua walichokuja kufanya.

Mzee alimwachia Sikio desturi moja aliyoishika hata kompyuta zilipoingia. Kabla ya kurekodi chochote, rekodi kwanza kimya cha chumba. Watu watulie, mashine ichukue kile kinachobaki pasipokuwa na kitu: feni, mtaa kwa mbali, kuta zenyewe. Baadaye ukikata neno bovu, unaziba pengo kwa kimya hicho, na msikilizaji hajui kama pamekatwa. Mafundi vijana walimcheka kwa hilo. Aliwaacha wacheke, na kazi zao zilipojaa mashimo walikuja kumwomba kimya chake.

Studio aliyoifanyia kazi uzeeni ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Kuta zake zilibandikwa mabaki ya magodoro ya duka hilo ili sauti isidunde, na mabaki hayo yalikuwa yamekunywa jasho la miaka mpaka yakageuka rangi. Choo kilikuwa kwenye ngazi, cha jengo zima, na mlango wake haukufunga. Mwenye studio, aliyejiita Prodyuza na kutaka aitwe hivyo hata na mama yake, alikuwa na umri wa kuwa mpwa wa Sikio. Kila wimbo uliotoka mikononi mwake ulianza kwa mguno wake mwenyewe akijitaja jina, kabla hata ngoma haijalia, kama mbwa anayeanza kwanza kukojolea nguzo. Debe tupu, lakini si alikuwa na studio? Na aliyeubandika mguno ule kwenye kila wimbo ni Sikio, kwa mkono wake.

Waimbaji wenyewe ndio usiseme. Walikuja na miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Hawakujua waanzie wapi, waishie wapi, wala kwa nini. "We imba tu, Sikio atanyoosha," ndiyo ilikuwa salamu ya kukaribishwa pale. Naye alinyoosha. Alichukua sauti iliyopinda, akaivuta neno kwa neno mpaka ikakaa sawa, kisha akaona aliyeimba akisikiliza na kutikisa kichwa kwa kujipenda: "Umeona lakini nilivyoiweka?" Sikio alisikia kichefuchefu hasa, kile cha tumboni. Aliondoka kwenda kusimama dirishani kwenye ngazi, na hapo nako kulikuwa na choo.

Halafu hata hao wakaanza kupungua. Vijana walijua kujirekodi vyumbani kwao, na studio ikaanza kuishi kwa matangazo: sabuni, mabati, sumu ya panya. La kuvunda halina ubani, Sikio alizoea. Ndipo akaja Daktari.

Alikuwa mtu mfupi aliyevaa koti jeupe hata barabarani. Daktari wa nini, hakuna aliyeuliza. Alikuwa na dawa ya chupa iliyoitwa Simama Tena. Ilitibu moyo, presha, miguu kuvimba, na kwa maneno yake mwenyewe, "mikosi midogo midogo". Siku ya kwanza alipokuja, chupa za kupigia picha zilimpungukia, basi akazijaza nyingine papo hapo kwenye bomba la chooni, akatia unga mwekundu kutoka kwenye mfuko wa koti, akatikisa. Sikio alipita akamkuta akifuta mdomo wa chupa kwa kidole gumba. Alikilamba kidole, akafuta chupa ya pili. Alikilamba tena, akafuta ya tatu.

"Karibu, fundi," Daktari alisema. "Onja."

Sikio alirudi mitamboni.

Tangazo lilihitaji ushuhuda wa mgonjwa aliyepona. Prodyuza alishuka akamleta dada anayeuza magodoro hapo chini, msichana aliyeshiba afya, aliyepanda ngazi zote akiimba. Alipewa maneno: "Nilikuwa siwezi kupanda hata ngazi mbili. Nahema, moyo unataka kutoka. Leo hii, nimesimama tena." Alisoma, akacheka. Akasoma tena, akacheka zaidi. Mara alipofika mwisho bila kucheka, ilisikika kama anataja bei ya godoro.

"Sikio, mbona huyu mgonjwa hana uhai?" Prodyuza alilalamika.

"Ana uhai kupita kiasi. Hilo ndilo tatizo."

"Fanya kitu basi. Wewe ndiye mganga wetu."

Hapo Sikio akakumbuka kwamba anayo pumzi.

Wiki chache nyuma alikuwa amekaa peke yake anarekodi kimya cha chumba kabla ya watu wa mabati kufika. Mlango ukafunguka, akaingia mama yake. Bibi huyo alikuwa ametoka kliniki ya jirani kuchukua vidonge vyake vya moyo, akaona si vizuri kupita bila kumwona mwanawe, akapanda ngazi zote zile. Alikaa kwenye kiti cha mwimbaji, mbele ya maiki, na akahema. Sikio alikuwa amevaa hedifoni. Mtu mwingine yeyote angesikia kwamba mama yake anaumwa. Sikio alisikia pumzi nzuri. Ilikuja kwa mafungu, ikakwama, ikaanza tena, na mwisho wa kila fungu kifua kililia filimbi nyembamba kabisa. Miaka yote akisafisha mihemo bandia ya waimbaji wa mapenzi, hakuwahi kupata pumzi safi kama ile. Aliacha mashine iendelee. Mama alipoondoka, akaihifadhi.

Sasa akaifungua, akakata fungu moja akalitia kabla ya "Nilikuwa siwezi", na jingine dogo baada ya "ngazi mbili". Viungo aliviziba kwa kimya cha chumba kile kile. Akapiga.

Prodyuza alishika mikono yake kutazama vinyweleo vilivyomsimama. Dada wa magodoro aliziba mdomo. "Jamani, huyo ni mimi?" Daktari alitoa leso akafuta macho, macho ya kweli yenye machozi ya kweli, akasema, "Huyu mama tumemponya. Wallahi tumemponya."

Na Sikio, mzee wa kinyaa, alifurahi. Alijiona fundi. Lilipokuja kumchefua jambo hili baadaye, ni hapo hasa palipomchefua zaidi: si udanganyifu, maana alishadanganya sana, bali ile raha aliyoisikia.

Mama yake aliishi kwa dada wa Sikio, mtaa wa pili. Tangazo lilikuwa limeanza kupigwa redio zote, asubuhi na jioni, dada alipompigia simu.

"Kaka, njoo uzungumze na mama. Ameacha vidonge. Anakunywa mchupa fulani wa redioni."

Hakuuliza mchupa gani. Alikwenda akamkuta mama kitandani, mito mitatu mgongoni, na chini ya kitanda chupa zimepangwa, unga ule ule mwekundu ukiwa umetuama chini. Alikikumbuka kile kidole gumba cha Daktari bila kutaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Na usianze."

"Sijasema kitu."

"Pua yako imeshasema."

Sikio alikaa. "Mama, vidonge vya moyo haviachwi."

"Vinanikojoza usiku kucha mpaka najiona mtoto. Hii chupa nakunywa, nalala."

"Hiyo ni maji ya bomba na rangi. Nimemwona kwa macho yangu akijaza chooni."

"Wewe kila kitu umekiona chooni," mama alisema. "Harusi ya dada yako ulikuta unywele kwenye wali. Mke wako ulimwacha kwa sababu anatafuna kwa sauti. Tangu unatambaa unakunja pua, baba. Nikuamini pua ipi?"

Dada alicheka mlangoni, halafu akajuta. Ni kweli, Sikio alikuwa amedharau kila kitu, kwa muda mrefu na kwa sauti, kiasi kwamba sasa alipokuwa na kitu kinachostahili kudharauliwa hakubakiwa na neno ambalo lingesikilizwa.

"Yule mwanamke wa kwenye tangazo anauza magodoro," alijaribu.

"Wagonjwa hawauzi magodoro?"

"Alikuwa anacheka, mama! Tumerudia na kurudia, anacheka!"

"Aliyepona atacheka. Ulitaka alie?" Mama alijiinua kidogo kwenye mito, na kule kujiinua tu kukamtoa pumzi, akangoja irudi. "Nikwambie kitu. Maneno mtu hufundishwa, hilo najua, sikuzaliwa jana. Lakini nimemsikia anavyohema. Kuhema hakufundishwi. Yule ameteseka kweli. Siku ile nilipomsikia nilisema, huyu ni mwenzangu huyu. Kama yeye amesimama, na mimi nitasimama."

Sikio alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, jepesi, "Ni wewe, mama," na likakataa kutoka. Kulisema kulimaanisha kusema pia pumzi ile ameitoa wapi, na alikuwa anafanya nini alipoipata. Alisema atarudi kesho. Dada alimsindikiza mpaka nje.

"Sikio la kufa halisikii dawa," dada alisema kwa uchungu, akimwazia mama. "Na miguu yake umeiona? Ukibonyeza, shimo linabaki."

Asubuhi yake alimfuata Prodyuza akamwomba tangazo liondolewe. Prodyuza alikuwa anakula, na alimjibu akiwa anatafuna. Sikio aliona kila kitu mle ndani.

"Maji yakimwagika hayazoleki, kaka. Liko kila redio. Na Daktari anataka jingine, la sukari na mgongo, lenye pumzi ile ile. Ile pumzi ni mali! Kwani yule mama ulimtoa wapi?"

"Kwenye akiba yangu," alisema Sikio.

"Mrudishe. Ahemee na mgongo."

Sikio alitoka akashuka ngazi mpaka chini. Alisimama mbele ya duka la magodoro, na redio ya duka ikampigia pumzi ya mama yake. Dada wa magodoro alimpungia mkono kwa furaha.

Siku zile hali ya mama iliharibika haraka. Viatu vilikataa kuingia, kisha hata kandambili. Akawa hawezi kulala chali, analala ameketi. Daktari wa kliniki, yule wa kweli, alimwambia dada waziwazi kwamba bila vidonge maji yataendelea kupanda kifuani, na hakutakuwa na la kufanya. Mama aliambiwa. Mama alisema dawa ya kweli humfanya mtu awe mbaya kwanza kabla hajapona, imesemwa redioni. Ilikuwa imesemwa kweli. Sikio ndiye aliyeirekodi.

Jumapili mchana alikwenda na kompyuta yake na spika ndogo. Asingeweza kumpandisha mama ngazi za studio, basi aliibeba studio. Dada alikuwa anapepeta mto. Sikio aliweka spika juu ya stuli, karibu na kitanda.

"Umeniletea muziki?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekuwa fupi.

"Nimekuletea tangazo, mama. Lakini bichi."

Kwanza alipiga vicheko vya dada wa magodoro, kimoja baada ya kingine. Mama alisikiliza kwa adabu. "Msichana mchangamfu," alisema. Haikumtikisa.

Basi Sikio akafungua rekodi ya pili. Hakuikata, aliiacha iende yenyewe tangu mwanzo, kimya cha chumba, feni, mlango, kiti kikilalamika. Halafu pumzi, bila maneno ya mtu mwingine juu yake, bila muziki, fungu na kukwama, fungu na kukwama, na filimbi ile mwishoni. Dada aliacha kupepeta mto. Yeye alilala chumba cha pili na aliisikia kila usiku kupitia ukutani. Alimtambua mwenye pumzi papo hapo, akaziba uso kwa mto.

Mama hakumtambua. Nani anajua anavyosikika? Alifumba macho akasikiliza, na taratibu uso wake ukabadilika.

"Huyu hajapona," alisema.

"Hajapona, mama."

"Huyu mgonjwa sana. Sikia kifua hicho. Huyo maji yamempanda." Alifumbua macho. "Enyi watu! Mtu yuko katika hali hiyo na nyinyi mmemkalisha kwenye maiki? Mpelekeni hospitali! Hana watoto huyo?"

Hapo ndipo Sikio alipopanga kuzima na kusema. Mkono wake ulikuwa umeshafika. Lakini spika ikamtangulia. Ikatoa sauti ya mama yake, imekatikakatika kwa kuhema:

"Ngazi zenu hizi... mwanangu... nipatie maji."

Ikafuata sauti nyingine ambayo Sikio hakuikumbuka kabisa, kwa sababu siku ile alikata alichokihitaji na hakusikiliza zaidi. Ilikuwa ya chini, ya heshima, sauti ya mtu aliye kazini.

"Kimya kidogo, mama. Narekodi."

Na bibi yule wa kwenye spika akanyamaza kama alivyoambiwa. Ikabaki pumzi yake, muda mrefu, na feni.

Sikio alizima. Chumba kizima kilikuwa kimetulia, na pumzi ikaendelea ile ile, kutoka kitandani.

"Ni mimi," mama alisema.

"Ni wewe."

"Redio zote hizo ni mimi."

"Ndiyo, mama."

"Na watu wananunua. Wanasema, huyu mwenzangu." Alingoja pumzi irudi. "Wangapi?"

Sikio hakujua. Mama alimtazama sana. Haukuwa uso wa hasira. Sikio angeifurahia hasira. Ulikuwa uso anaoujua vizuri, ambao amewatazama nao watu maisha yake yote, na hajawahi kutazamwa nao.

"Leta vidonge," mama alimwambia dada.

Dada alikimbia akavileta. Sikio naye alikurupuka mpaka jikoni, akasuuza glasi, akaisuuza tena, akajaza maji, akarudi akaishika mbele ya mama yake kwa mikono miwili. Mama alikuwa tayari ameviweka kiganjani. Akatia cha kwanza mdomoni akakimeza kikavu. Kikamkwama, akatoa macho, akakisukuma kwa mate mpaka kikashuka. Akatia cha pili.

"Mama, maji haya," Sikio alisema.

"Kunywa wewe," alisema mama yake, akatia cha tatu.